Pangaboi la Ukumbini

Tangu Mfunguo Tatu lilikuwa likiguna tu.
Ukibonyeza swichi linanguruma
kama mtu aliyeitwa usingizini
akaitika bila ya kuinuka.
Mume wangu, Kombo, akakata ufito wa mkandaa,
akauegemeza kwenye kabati:
"Lipige kidogo, litakwenda."
Na kweli, likienda.

Miezi mitatu mimi ndiye mashine.

Lakini mshona kofia mimi,
jicho langu halipiti kitobo bila ya kuchungulia.
Usiku mmoja nikalisukuma kinyume,
kulichokoza tu.
Likaenda kinyume, kwa kasi ile ile,
upepo ukapanda darini, shuka ya Kombo haikutikisika.
Nikalizima. Nikalisukuma upande wa mlango.
Likatii.
Nikakaa mkekani, uzi mdomoni:
kwani chuma hiki hakijui kinakokwenda?

Asubuhi nikateremka kwa Faki Shaame,
kibandani kwake nyuma ya soko la Wete,
redio zimepasuliwa matumbo,
risasi ya kulehemia inanuka mpaka njiani.
Nikamuuliza. Hakujibu, aliuliza yeye:
"Bi Mize, kinu kimoja mlitwanga wangapi?"
Wawili.
"Na michi ikishuka pamoja?"
Hugongana. Au mmoja huvunjika kidole.
"Basi mle ndani mna koili mbili.
Zote zinataka kutwanga. Hakuna wa kuzipisha."

Akachomoa kwenye mkebe wa maziwa
kidubwana cheusi chenye mikia miwili ya waya.
Kapasita. Mikrofaradi mbili na nusu.
Shilingi elfu tatu, na elfu moja
"ya lile swali," akacheka,
ila hakuirudisha.

Nikazima kwenye mita, nikapanda stuli,
nikashika waya. Ukaniuma.
Umeme umekatwa, nyumba nzima kimya,
na kitu kinaniuma!
Nikampigia simu huku natikisa mkono.
"Hiyo kapasita ya zamani," akasema,
"ina kinyongo. Imeweka ya jana.
Na kama imekuuma haijafa, imechoka tu.
Igusishe mikia kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki,
iteme."
Ikatema cheche moja, ndogo,
kama mtoto aliyelazimishwa kusema samahani.

Kulehemu nilijidai najua.
Fundo la kwanza likatoka na madonge,
kijivu, kama uji uliopoa bila ya kukorogwa.
Nikalivuta, likang'oka.
Fundo la pili hali kadhalika.
La tatu nikakumbuka kofia:
uzi haushiki kitambaa usichokitoboa.
Nikaupasha moto waya, nikaiacha risasi ije yenyewe,
ikanywea ndani, ikang'aa.
Hapo nilisema Alhamdulillahi kwa sauti,
paka akakimbia.

Sasa linazunguka. Halingoji mtu.
Kombo amekataa kuutupa ufito,
anasema dunia haina dhamana.
Na mimi, nikisikia swichi,
mkono wangu wa kulia bado unainuka.

Lakini usingizi wangu ndio umeharibika.
Nimelala chali nalitazama:
kwa nini chini ya taa ya tyubu
mapanga yanaonekana yanarudi nyuma, polepole,
hali upepo unanishukia usoni?
Nikiwasha tochi ya simu, ule urudi-nyuma haupo.
Nani muongo kati ya taa hizi mbili?

Na jengine, Faki, hili usinitoze.
Wanasema umeme wetu unatambaa chini ya bahari
kutoka bara mpaka Wesha.
Mimi bomba langu la maji halifiki hatua kumi na mbili
bila ya kuvuja.
Huo umelala kwenye chumvi usiku kucha.
Umevikwa nini?

Faki amesoma ujumbe.
Naona anaandika.
Ameacha.
Anaandika tena.